Robo Iliyomkosesha Mjomba Usingizi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta katikati ya hadithi. Wapo wengine waliokosea, na mmoja wao ana sauti kubwa kuliko yangu, lakini aliyeanza kupiga kelele uani mbele ya wateja, kichwa kimemvimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, ni mimi.

Nyumbani kwetu ni kwa dobi. Ukiingia langoni, kushoto utakuta mapipa ya maji na mabeseni, kulia tanuri la kuchemshia maji, na katikati kamba za kuanikia zimekatiza huku na huku, hata mgeni mrefu huingia akiwa ameinama kama anayeomba msamaha. Shuka za zahanati zina mhuri wa bluu kwenye pindo. Za nyumba ya wageni hazina mhuri, ila tunazitambua kwa madoa ya chai. Mama ndiye mwenye kazi. Bi Pasi, mama mtu mzima mwenye mikono kama ya mwanamieleka, ndiye anayepiga pasi na kutoa maoni ambayo hakuombwa. Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye dereva.

Gari letu tuliliita Bibi Harusi kwa sababu mbili: ni jeupe, na popote linapotakiwa hufika limechelewa. Ni gari kuukuu, la siku nyingi kuliko mimi. Mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba, na honi hulia likikata kona ya kulia tu.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila Bibi Harusi alipoingia langoni, mtu mmoja alichungulia dirishani, akausoma mshale wa mafuta na kuutangaza kwa sauti ili watu wote uani wasikie. "Nusu!" "Robo!" "Karibu tupu!" Mama ndiye aliyeianzisha. Dereva aliyekuwepo kabla ya Mjomba alikuwa na mpira mwembamba chini ya kiti, na kwa mpira huo alikuwa akiyanyonya mafuta yetu na kuyauza njiani. Alipofukuzwa, Mama aliapa kwamba gari lake halitakaa tena bila msemaji. Kazi ya usemaji nikapewa mimi, pamoja na jina la Mkaguzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, macho makali, na sauti ambayo mwalimu wetu alisema ingefaa kuuzia samaki.

Siku hiyo, Ijumaa asubuhi, Mjomba alitoka kituo cha mafuta akiwa anapiga mluzi.

"Nimetia lita ishirini," alisema, akishuka. "Wiki ijayo Bibi Harusi anatamba."

Nikachungulia. Mshale ulikuwa umesimama mahali pa ajabu. Nikasugua kioo kwa kiwiko, nikaangalia tena. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, au kumnong'oneza Mjomba, au hata kujiuliza swali moja dogo. Badala yake nikavuta pumzi.

"Robo!" nikatangaza. "Mjomba katia lita ishirini, mshale unasema ROBO!"

Pasi ilisimama. Wateja wawili waliokuja kuchukua mashati waligeuka. Mama akatoka kwenye kamba za shuka, amebana vibanio viwili mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja.

"Lita ishirini zimekwenda wapi?"

"Zimo kwenye tangi, dada. Zingekwenda wapi? Risiti hii hapa."

"Karatasi haiendeshi gari. Mshale unasemaje?"

"Mshale! Dada, umenibeba mgongoni tangu sina meno, leo unaamini sindano ya dashibodi kuliko mimi?"

"Yule wa kwanza naye alikuwa na maneno matamu," alisema Mama. "Tena alikuwa na risiti nzuri kuliko hiyo. Mwizi wa mafuta ni mwizi wa mafuta, awe wa nje au wa ndani."

Neno lile lilipotoka, hata Bi Pasi hakuwa na maoni. Mjomba aliwatazama wateja, akanitazama mimi, kisha akaenda hadi kwenye ukuta wa chumba cha pasi na kuutundika ufunguo wa gari kwenye msumari.

"Sawa," alisema. "Kuna mfanyabiashara wa mbao mji wa pili ananitaka tangu zamani. Kesho nakwenda kwake. Nyinyi mtafuteni dereva anayefanana na mshale wenu."

Nilicheka kidogo, nikidhani anatania. Mjomba ni mtu wa utani. Lakini aliingia chumbani kwake, na tukasikia begi likivutwa kutoka uvunguni.

Shuka za zahanati haziwezi kusubiri ugomvi wa watu. Wagonjwa walikuwa wanazingoja. Kwa hiyo Mama akauchukua ufunguo yeye mwenyewe, akaniambia nipande ubavuni mwake niusome mshale njia nzima. Mama huendesha gari kama anayebeba sinia la mayai kichwani. Hatujafika hata sokoni, mshale ukaanza kuteremka.

"Unasemaje?"

"Unashuka, Mama."

"Zima redio."

"Mama, redio hainywi petroli."

"Nimesema zima!"

Tukazima redio. Tukafika zahanati, tukashusha shuka, tukageuza. Wakati wa kurudi mshale ulikuwa umelala chali kabisa, chini ya alama ya mwisho, kama mtu aliyekula akashiba. Mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na roho kwa wa tatu. Mimi nilikuwa nasubiri injini ikohoe. Haikukohoa. Tukaufikia ule mlima mrefu wa kuelekea kwetu, ambao hata punda husimama katikati kuufikiria. Bibi Harusi akaupanda bila kusita.

Hapo kichwa changu kikaanza kunywea.

"Mama," nikasema, "gari limepandaje mlima?"

"Kwa mafuta ya akiba."

"Akiba gani hiyo, inayokwenda, inarudi, halafu inapanda mlima?"

"Akiba ni akiba. Usinihoji kama hakimu."

Tulipoingia langoni, Mama alizima injini na kusubiri. Watu wote uani walisubiri. Bi Pasi aliinua pasi hewani.

"Haya, Mkaguzi. Tangaza."

"Sitangazi."

"Nini?"

"Sitangazi, Mama. Mshale huu ni mwongo. Siusomi tena."

Nilijua ninachokifanya. Kumkatalia Mama mbele ya watu ni kama kumwagia maji paka aliyelala. Lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka na hauwezi kurudi. Mama alinitazama, akashuka, akaufunga mlango kwa kishindo na kuutundika ufunguo msumarini. "Mtoto wa leo," alimwambia Bi Pasi, "anamtetea aliyemshtaki mwenyewe asubuhi."

Maneno hayo yalinikata maini kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Mjomba nilimkuta chumbani akikunja mashati. Mtoto wa nyumba ya dobi hakunji shati ovyo hata akiwa na hasira. Kola zilikuwa zimenyooka kama rula.

"Mjomba, jitetee basi."

"Nijitetee kwa lipi? Sijaiba."

"Lakini ukiondoka watasema umekimbia."

Mikono yake ilisimama. "Na nikibaki," alisema, "nitakuwa mtu wa kuchunguliwa dirishani kila nikirudi. Usiku nikilala nitasikia 'Robo!' Bora nikabebe mbao za watu wasionijua. Hao wakiniita mwizi haitaniuma."

Nilitoka, nikavuka barabara hadi kwa Fundi Fyuzi.

Fundi Fyuzi ni fundi wa umeme wa magari. Ana karakana ndogo iliyojaa nyaya, na ana maneno mengi kuliko nyaya. Kwake hakuna kitu kinachotengenezwa. Kila kitu "kinabadilishwa chote".

"Mshale?" alisema kabla sijamaliza. "Badilisha dashibodi nzima. Ninayo moja hapa, safi kabisa, imekosa vioo tu."

"Utajuaje kama tatizo ni dashibodi?"

"Nimesema mimi."

"Na Mama kasema ni Mjomba. Kila mtu anasema. Nani amepima?"

Fundi alitoa kijiti cha meno mdomoni. "Wewe mtoto, unanihoji mimi?"

"Ndiyo, fundi. Shikamoo."

Aliangua kicheko mpaka kijiti kikaanguka. "Marahaba! Kweli wewe binti wa dobi, unasugua mpaka doa litoke. Haya, twende. Leo nitapima kwanza, ila usiwaambie wateja wangu, watazoea."

Kumpata fundi kulikuwa rahisi. Mama ndiye aliyekuwa kikwazo. Alisimama mbele ya Bibi Harusi mikono kiunoni.

"Gari langu halipasuliwi tumbo kwa ubishi wa mtoto."

"Basi kuanzia leo nitatangaza 'Limejaa!'" nikasema. "Kila likiingia, limejaa. Mshale unadanganya, na mimi nitadanganya. Utachagua mwenyewe mwongo unayempenda."

Bi Pasi alicheka akaficha uso kwenye foronya. Mama hakucheka. Alinitazama, nami nikamtazama, ingawa jicho moja lilikuwa linatafuta njia ya kutorokea.

"Fungueni," alisema mwishowe. "Lakini mkikuta robo, utafua soksi za wageni mpaka umalize shule."

Fundi alibadilika pale pale. Utani ukamwisha. Aliamuru tanuri lizimwe na majivu yamwagiwe maji, pasi zikae mbali, simu zote ziwekwe ndani. Kisha tukamsukuma Bibi Harusi mpaka nje ya lango, penye upepo.

"Mtu anayechungulia tangi la petroli kwa kibiriti," alisema, "msimwite mjinga. Mwiteni marehemu. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini unakuona wewe."

Akang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha bati chenye waya mmoja uliotoka ndani. Hapo akanieleza, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza. Ndani ya tangi kuna boya, kopo dogo lililojaa hewa, limefungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda, boya linapanda. Yakishuka, linashuka. Waya unapeleka habari mbele, na mshale unasema ulichoambiwa.

"Kwa hiyo waongo wanaweza kuwa watatu," nikasema. "Mshale wenyewe, au waya, au boya."

"Au mjomba wako," alisema Mama kutoka nyuma.

"Huyo tumemweka wa mwisho, Mama."

Tulianza na mshale. Fundi alifungua ule waya, akaninong'oneza, "Kimbia mbele, washa swichi, usiwashe injini." Akaugusisha waya kwenye bodi ya gari. Mshale, uliokuwa umelala chali, ukainuka taratibu, ukapita robo, ukapita nusu, ukafika mwisho kabisa.

"Limejaa!" nikapiga kelele. Mazoea yana taabu.

"Basi mshale mzima, na waya mzima," alisema fundi, kwa huzuni kidogo, maana dashibodi yake isiyo na vioo ilikuwa imekosa soko. Akasugua kutu pale waya unaposhikana na tangi, akarudisha waya, nikatazama tena. Mshale ulilala vilevile. Basi hata kutu haikuwa chanzo.

Ndipo akazima swichi, akaondoa waya wa betri, na kufungua kifuniko cha tangi. Harufu ya petroli ilitupiga usoni. Kabla hajatoa kitu chochote nikamwambia, "Fundi, ngoja. Tupime mafuta kwanza, Mama akiwa anaona."

Alitumbukiza kijiti kirefu kikavu mpaka kikagonga chini ya tangi. Akakitoa. Kilikuwa kimelowa hadi nusu ya kina cha tangi. Nusu! Baada ya kwenda zahanati na kurudi, baada ya mlima, nusu ya tangi ilikuwa bado imo.

Mama alikichukua kile kijiti mwenyewe. Alikigeuza. Alikinusa. Petroli hukauka haraka, na alama ilikuwa inafifia machoni pake, lakini hakukirudisha. Nikageuka. Mjomba alikuwa amesimama langoni, begi begani. Hakusogea hata hatua.

"Njoo uone, Mjomba!"

"Nione nini?" alisema. "Mimi nilijua kilichomo tangu asubuhi. Waangalie wasiojua."

Fundi alilitoa boya. Lilikuwa la shaba, dogo, linalojaa kiganjani. Akalitikisa karibu na sikio langu. *Chubwi, chubwi.*

"Kuna kitu ndani," nikasema.

"Petroli. Boya linatakiwa liwe na hewa tupu. Hili linakunywa." Akalitia kwenye kopo lenye petroli. Halikuelea. Lilizama hadi chini na kukaa kimya. Kisha akaniagiza maji ya moto yaliyobaki kwenye tanuri tulilolizima. Nilipolizamisha boya kwenye ndoo, vipovu vidogo vikaanza kutoka mahali pamoja kwenye ungio, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye tundu ambalo hata uzi wa shati usingepita.

"Mwizi wa mafuta ndiye huyo," alisema Bi Pasi, aliyekuwa amekuja na foronya yake mkononi. "Kijiko kimoja tu ameiba. Tumfunge miaka mingapi?"

Fundi alieleza kwamba tundu lile limekuwa likiruhusu petroli kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kila boya lilipozidi kunywa, lilizidi kuzama, na mshale ukazidi kushuka hata tangi likiwa na mafuta. Mama aliuliza kwa nini asilizibe kwa kulichomelea. Fundi akatikisa kichwa: kitu chenye masalia ya petroli hakisogezwi karibu na moto, haidhuru kimekauka kiasi gani machoni. Akaleta boya zima kutoka kwenye gari bovu karakanani kwake, akalifunga, akarudisha kifuniko, waya na betri, na kuacha milango wazi mpaka harufu ikaisha. Nikawasha swichi. Mshale ukapanda, ukasimama katikati kabisa, haukutikisika.

Nilimwendea Mjomba. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakaniruka. "Mjomba, nisamehe. Niliona mshale, sikuuliza."

"Asubuhi ulitangaza kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Sasa mbona unaninong'oneza?"

Nilielewa. Nikapanda juu ya ngazi ya chumba cha pasi. Wateja walikuwepo tena, na wapita njia, na mpaka mafundi wa karakana ya pili. Uso uliniwaka moto kuliko tanuri. Nikavuta pumzi ileile.

"Nusu!" nikapiga kelele. "Tangi lina nusu! Lita ishirini zilikuwemo zote! Boya lilikuwa bovu, Mjomba hajaiba kitu, na mimi nilitangaza bila kupima!"

Watu walipiga makofi. Mjomba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akalishusha begi. Nikadhani yameisha, lakini hakulifungua. Alikuwa anamtazama Mama.

Mama alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Ingia ndani tuongee," alimwambia.

"Niliitwa mwizi hapa uani, dada. Ndani sijui nitasikia vizuri."

"Mimi ni dada yako mkubwa!"

"Ndiyo maana iliniuma."

Mama alikwenda kwenye ukuta wa chumba cha pasi, akautoa ufunguo msumarini, akauleta yeye mwenyewe kwa mikono miwili, mbele ya kila mtu. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema, kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha akanigeukia. "Na wewe, desturi hii tunaibadilisha. Ukiona jambo la ajabu, njoo uniambie, tulipime, ndipo tuseme. Nami nikisahau, nikumbushe. Kwa adabu, si kwa vitisho vya 'limejaa'."

"Ndiyo, Mama."

Mjomba aliupokea ufunguo. Begi alimkabidhi Bi Pasi, akimwambia mashati yamekunjamana tena kwa sababu ya uvivu wake, na Bi Pasi akamtupia foronya. Kazi ingerudi pale pale kwenye kamba na mabeseni, ila Mama hapendi kushindwa moja kwa moja. Alikwishageuka kwenda zake, akageuka tena.

"Lakini na wewe usinilaumu sana," alisema. "Ningefanyaje? Mshale wenyewe ndio uliosema wewe ni mwizi."

Mjomba alifungua mlango wa Bibi Harusi, akakaa, akateremsha kioo.

"Mshale ulisema robo, dada," alijibu. "Mwizi ulisema wewe."